Katoni Inayochanwa Mara Moja

Maxwel Owuor alianza kukunja katoni akiwa na miaka saba, kwenye kibaraza cha nyumba ya baraza la mji kule Bondeni, Nakuru. Aliyemfundisha ni dada yake Milcah, aliyemzidi kwa miaka kumi na miwili. Baba yao, fundi wa reli, alikufa mwaka 1986. Mama naye hakumaliza mwaka uliofuata. Milcah alikuwa ameposwa na watu wa Kisumu, lakini hakuna aliyetaka kumchukua pamoja na mdogo wake, na posa ile ikaisha kimya kimya bila mtu kuja kuivunja rasmi.

Alichofanya Milcah ni kuzunguka nyuma ya maduka ya jumla akiokota katoni tupu, na baadaye akizinunua. Alizipiga bapa, akazipanga kwa ukubwa na kuziuza. Kwa watu wa Nakuru katoni tupu haikuwa taka. Ilibeba vitabu na sabuni za mwanafunzi wa bweni, mitumba ya kwenda Njoro, avokado, vyombo vya anayehama, na mzigo wa kumtumia mama mzazi huko Siaya. Katoni moja ya sabuni ilipita mikono mitano au sita kabla ya kuishia jikoni kuwasha moto. Kwa katoni hizo Owuor alifika kidato cha nne, na Milcah akapata jina. Bondeni nzima walimwita Mama Katoni, ingawa hakuwahi kuolewa wala kuzaa.

Mwaka 1999 Owuor aliajiriwa katika kiwanda cha katoni upande wa viwandani, kwanza kupakia malori. Baada ya miaka mitatu alihamishiwa kwenye meza ya sampuli. Hapo ndipo katoni mpya huzaliwa. Mteja analeta bidhaa yake, na mtu wa meza anakata kadibodi kwa mkono, kwa kisu, rula ya chuma na gurudumu dogo la kukandamiza mikunjo, mpaka upatikane mfano mmoja wa kukubaliwa. Owuor alikuwa na mkono mtulivu. Alikuwa na tabia ya kuikunja kadibodi kidogo karibu na sikio lake kabla hajaikata, akisikiliza mawimbi ya karatasi yaliyo ndani yake yanavyolia. Alisema kadibodi nzuri haina kelele.

Machi 2021 meneja wa uzalishaji, Kihara, alikuja mezani na pakiti ya biskuti.

"Owuor, hawa watu wa supamaketi wamechoka kulipa mtu wa kupanga pakiti moja moja," alisema. "Wanataka katoni ifike, ichanwe mbele, iwekwe kwa shelfu vile ilivyo. Ikishachanwa inakuwa trei, biskuti zinaonekana, kazi imeisha. Na bila kisu."

"Kwa nini bila kisu?"

"Kisu kinapasua bidhaa. Mteja alirudishiwa pakiti mia na ishirini zimechorwa tumbo."

Jambo lenyewe si dogo kama linavyosikika. Katoni lazima iwe imara kiasi cha kubeba nyingine saba juu yake ndani ya lori, na wakati huo huo iwe dhaifu kiasi cha kupasuka kwa vidole vya mtu aliyechoka. Inayowezesha hayo ni mstari wa vitobo unaozunguka katoni. Vitobo vikiwa vichache, mfanyakazi wa dukani anakwenda kutafuta kisu. Vikizidi, katoni inafunguka yenyewe kabla lori halijafika Gilgil. Owuor alikata sampuli arobaini na moja. Mwishowe alipata kipimo: akate milimita saba, aache tatu, na kwenye kona aache tano, kwa sababu kona ndizo zinazobeba uzito. Mstari ulishuka chini mbele ili jina la biskuti lionekane, ukapanda kuelekea nyuma.

Kihara aliichana mwenyewe. Akatazama trei, akatazama sehemu ya juu, ile kofia, iliyobaki mkononi.

"Mzee," alisema, "hii umeiweza."

Jumamosi hiyo Owuor alipeleka sampuli moja Bondeni. Kibanda cha Milcah kilikuwa cha mabati, kimejaa katoni bapa mpaka darini, na yeye alikaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, goti moja limefungwa kitambaa.

"Ichane nione," Milcah alisema.

Owuor akaichana.

"Aa. Imekubali kama ganda la ndizi." Milcah alichukua vipande viwili, akavigeuzageuza. "Sasa Max, hii nikishaikunja, nimuuzie nani?"

"Trei inabaki dukani, dada."

"Na hii kofia?"

"Wanatupa."

Milcah alimgeukia mama mmoja aliyekuwa akichagua katoni za kuhamia. "Umeona huyu? Nimemsomesha kwa katoni mpaka form four, amekuja kuiua mbele yangu."

Mama yule alicheka. Milcah pia alicheka, na Owuor akacheka pamoja nao. Ilikuwa kampuni moja tu ya biskuti.

Mwaka uliofuata ikaongezeka kampuni ya sabuni ya unga, kisha majani chai, kisha mafuta ya kupikia ya pakiti ndogo. Kila moja ilipita kwenye meza ya Owuor. Kufikia katikati ya 2023, katika kila katoni kumi zilizotolewa nyuma ya supamaketi za mjini, sita zilikuwa zimechanwa katikati. Zile nne nzima ziligombaniwa na kila muuzaji, na vijana wenye mikokoteni walizifikia kabla ya mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu. Milcah hakulalamika. Alianza kusema tu kwamba biashara ni msimu. Ila Owuor alipomtembelea aliona kwamba katoni hazifiki darini tena, na kwamba dada yake ameanza kukaa mwisho wa kibanda, mahali ambapo zamani paliwekwa zile kubwa za friji.

Alifanya alichojua kufanya. Kwa wiki tatu, baada ya kazi za siku, alichora katoni ya vipande viwili: trei chini, na juu yake kifuniko kinachovuliwa kama kofia, bila kuchana chochote. Kifuniko hicho kilikuwa na kuta nne kamili na sakafu. Kikigeuzwa kilikuwa katoni nzima. Alimpelekea Kihara.

Kihara aliivua, akaivisha, akaivua tena. "Safi. Kadibodi imeongezeka kiasi gani?"

"Asilimia kumi na tisa."

"Na mteja anapata nini?"

"Katoni inaweza kutumika tena."

"Na nani?"

Owuor alikigeuza kifuniko, kikasimama kama katoni. Kihara alizaliwa Nakuru na hakuhitaji kuelezwa.

"Mzee, mimi namheshimu Mama Katoni. Nilienda bweni na katoni yake, jina langu aliniandikia yeye kwa makaa. Lakini siwezi kukaa na mteja nimwambie alipie kadibodi zaidi ili dada yako apate cha kuuza. Ungekuwa mimi ungemwambia?"

"Hapana," Owuor alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Basi akafikiria upande wa pili. Kama haiwezekani kuzuia katoni isichanwe, pengine iliyochanwa inaweza kurudishwa. Kiwandani kulikuwa na vipande vyembamba vya kadibodi vilivyokatwa pembeni, na aliruhusiwa kuvibeba. Alimwonyesha Milcah namna ya kukutanisha trei na kofia yake mahali zilipoachana, kisha kubandika kipande cha upana wa sentimita sita kwa ndani, kuzunguka pande zote. Kwa gundi walipika unga wa ngano na maji mpaka ukawa mzito.

Kuhusu gundi hiyo hakuwa na shaka. Kiwandani, gundi inayoshikanisha karatasi na mawimbi ya kadibodi hutengenezwa kwa wanga. Kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiyaona magunia ya wanga yakishushwa. Akaona kama wanga wa kiwanda unashika, unga wa jikoni nao utashika, maana ni ndugu. Hakujua kwamba kwenye matangi ya kiwanda wanga hutiwa dawa za kuufanya uvumilie unyevu. Watu wa matangi walikuwa kitengo kingine, na yeye hakuwahi kuwa na sababu ya kuwauliza. Alijaribu kwa njia ya mezani kwake: alitia kilo ishirini za mahindi kwenye katoni iliyobandikwa, akaiacha siku tatu ndani ya chumba cha Milcah, karibu na jiko. Haikupinda hata kidogo.

"Inashika," alimwambia dada yake.

Milcah alibandika kumi na tano kwa siku. Alikuwa msafi wa kazi. Kwa nje huwezi kujua, labda uone mstari mwembamba kama kovu lililopona. Januari 2024 wanafunzi walizibeba kwenda shule na hakuna aliyerudi na lawama. Katoni zikaanza kupanda tena kuelekea dari, na Milcah akarudi kukaa mbele ya kibanda.

Mwezi wa Aprili alikuja Wangare, mfugaji wa Bahati aliyeangua vifaranga na kuwatuma wakiwa na siku moja, kwa magari ya vifurushi, hadi Molo na Kericho. Alikuwa amenunua kwa Milcah kwa miaka kumi na moja. Alitaka katoni thelathini, saizi moja, zitobolewe matundu ya hewa.

"Nzima ninazo tisa," Milcah alisema. "Hizi zingine ni za kubandikwa."

Wangare aliibonyeza moja kwa kiganja. "Zitashika? Hawa si vitabu, Mama Katoni."

"Ngoja nimuulize mwenyewe."

Akampigia Owuor simu pale pale, saa sita mchana, Wangare amesimama mbele yake.

"Max, hizi za kubandikwa zinaweza kubeba vifaranga?"

"Kifaranga kimoja kina uzito gani?"

Milcah aliuliza, akajibiwa. "Gramu arobaini. Vifaranga mia kwa katoni."

"Hizo ni kilo nne. Ilibeba ishirini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

Gari liliondoka asubuhi iliyofuata. Njia ya Mau Summit ilikuwa na ukungu na manyunyu, na turubai halikufungwa vizuri upande mmoja. Lakini hata bila mvua, vifaranga mia kwenye katoni wanapumua, wanatoa jasho na kinyesi, na joto lao linageuka maji kwenye kuta. Katoni zilipangwa nne nne kwenda juu. Kabla ya kufika Kericho mabandiko ya zile za chini yaliachia, kuta zikafunguka mahali pale pale zilipochanwa mara ya kwanza, na za juu zikashuka. Katoni nane. Mteja wa Kericho alihesabu vifaranga mia sita na kumi na wawili waliokufa kwa kubanwa na kukosa hewa.

Alhamisi Wangare alikuja Bondeni na katoni moja kati ya hizo nane. Aliiweka juu ya meza ya Milcah. Manyoya ya njano yalikuwa yamenasa kwenye gundi.

"Shika hapo," alisema.

Milcah alishika. Gundi ilivutika kwenye vidole vyake.

"Huo ni uji," Wangare alisema. "Umenifungia vifaranga kwa uji."

"Pole, Wangare. Pole sana."

"Sijafuata pole. Nilikuuliza nikiwa nimesimama hapa. Ukapiga simu. Uliambiwa nini?"

Milcah aliisogeza katoni upande wake. "Aliyebandika ni mimi," alisema. "Hayo mengine achana nayo."

"Miaka kumi na moja sijawahi kutia mkono ndani ya katoni yako kuikagua. Hata siku moja." Wangare alijipangusa mikono kwa leso. "Hiyo nakuachia."

Habari ilitangulia mpaka kwenye ofisi za vifurushi. Wiki iliyofuata mama mmoja alileta mzigo wa Kakamega, na mpokeaji mizigo wa ofisi akaitambua kazi ya Milcah kwa vile ilivyofungwa.

"Mathe, za uji hazipandi gari yetu."

"Hii ni nzima, boss. Nimenunua nzima."

"Nitajuaje? Toa vitu vyote nje nione ndani."

Hilo ndilo lililommaliza. Zilizobandikwa angeweza kuacha kuziuza. Lakini kwa kuwa kwa nje zilifanana na nzima, watu waliacha kuamini hata nzima. Mteja alikuja, akaingiza mkono mpaka begani akipapasa kuta za ndani, Milcah amekaa anamtazama, kisha mteja akasema atarudi. Wale vijana wa mikokoteni waliuza zao kando ya barabara wakiita, "Katoni kavu! Haina uji! Katoni kavu!" na watoto wa Bondeni wakaigeuza mchezo.

Owuor alipanda kwenda Bahati Jumapili. Alimkuta Wangare akibadilisha maranda kwenye nyumba ya vifaranga. Mengi ya mabanda yalikuwa tupu.

"Ni mimi niliyemwambia dada zitashika," alisema.

"Najua. Nilisikia sauti yako kwenye simu."

"Basi usimlaumu yeye."

Wangare aliendelea kumwaga maranda. "Kwani si wewe unayetengeneza zile za kuchanwa?"

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyemwonyesha kuzibandika."

"Ndiyo."

"Nimeshanunua kreti za plastiki," Wangare alisema. "Mwambie simlaumu. Na umwambie sitarudi."

Owuor alifikisha la kwanza. La pili Milcah alikuwa analijua tayari.

Kibanda kilifungwa Agosti. Katoni zilizobaki ziliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, nzima na za kubandikwa pamoja, kwa sababu kwenye mizani hakuna tofauti. Owuor alimwomba dada yake ahamie kwake Kaptembwo. Mkewe alikuwa amekwisha kukitandika chumba cha nyuma.

"Nikae nikiwatazama mkila?" Milcah alisema. "Hapana. Nitafutie kazi."

"Dada, una miaka hamsini na saba. Hilo goti..."

"Kuna kazi za kukaa. Muulize Kihara."

Owuor hakutaka kuuliza. Alikaa nalo wiki mbili, na Milcah hakulirudia. Wiki ya tatu alifika mwenyewe kwenye geti la kiwanda, amevaa sweta ya kanisani, akamsubiri Kihara atoke kwa chakula cha mchana. Wakazungumza wamesimama, dakika zisizozidi tano. Jumatatu akaanza kama kibarua.

Alipewa kiti mwisho wa mashine ya kukata. Katika kila marobota kumi anachomoa katoni moja, anaisimamisha, anaichana kwa mikono miwili, na anatazama kama mstari umefuata njia yake au umekimbilia ubavuni. Anatia alama kwenye karatasi. Zilizochanwa anazitupa kwenye shimo la kusagwa, zirudi kuwa karatasi. Siku yenye kazi nyingi anachana zaidi ya mia mbili. Kihara anasema hajapata mkaguzi kama yeye, na hasemi hivyo kwa kumfurahisha mtu. Milcah anaiona kasoro ya mstari kabla hajaichana katoni, kwa kuipitishia kidole gumba tu.

Meza ya sampuli iko hatua arobaini kutoka kwenye kiti hicho. Mchana wanawake wa mashine hula pamoja kando ya ukuta wa stoo, na Milcah hula nao. Owuor hula mezani kwake. Jumapili haendi tena Bondeni. Alikwenda mara mbili, akamkuta dada yake amelala, au akaambiwa amelala.

Februari mwaka huu alitumwa mtu kumwita kutoka mezani. Katoni za majani chai zilikuwa zinapasuka vibaya. Alipofika, Milcah alimwonyesha bila kuinuka.

"Fundi, kona ya kulia inang'ang'ania."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Wanawake wengine walikuwa wakisikiliza, kwa hiyo labda ni adabu ya kazi. Owuor alisimamisha mashine, akachomoa ubao wenye visu, akakuta kisu cha kona kimepoteza makali. Akakibadilisha na mashine ikaanza tena. Milcah alichomoa moja, akaichana. Akachomoa ya pili.

"Sasa?" Owuor aliuliza.

"Imefuata."

"Kabisa?"

"Hata mtoto ataichana."

Owuor alibaki amesimama hapo, bisibisi mkononi. Milcah alitia alama kwenye karatasi yake na kuchukua katoni nyingine. Aliinyoosha kona zote nne, akaibonyeza juu kwa kiganja kuona kama inasimama, kama mtu anayetaka kuiuza. Kisha akaichana.